Mchele Haumo Katika Hadithi

Mwezi wa Ramadhani ukikaribia kwisha, katika nyumba za Waislamu kuanzia Lamu hadi Kilwa hupimwa mchele. Kila kichwa pishi moja, yaani vibaba vinne: baba, mama, watoto, hata kichanga aliyezaliwa kabla jua la siku ya mwisho halijatua. Mchele huo hufikishwa kwa maskini kabla ya swala ya Idi, na aghalabu hakuna anayeuliza swali. Hata hivyo, hadithi sahihi zinazoeleza zakatul-fitri hazitaji mchele. Zinataja tende, shayiri, zabibu na jibini kavu, vyakula walivyokula watu wa Madina zama za Mtume Muhammad (S.A.W.). Mchele umeingia kwa mlango gani?

Lipo na swali la pili, ambalo huzua mabishano misikitini kila mwaka. Je, mtu anaweza kutoa fedha badala ya chakula? Wafuasi wa Imamu Shafii, ambao ndio wengi katika mwambao wa Afrika Mashariki, husema haifai. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa husema inafaa. Pande zote mbili zinasoma hadithi zilezile, na hakuna upande unaomkaidi Mtume.

Elimu inayojibu maswali haya mawili huitwa usuli fiqhi, yaani misingi ya fiqhi. Fiqhi humpa mtu hukumu: hiki ni wajibu, hiki ni sunna, hiki ni mubaha, hiki ni makuruhu, hiki ni haramu. Usuli humwonyesha hukumu hiyo ilitoka wapi na ilipita njia gani hadi ikafika kwake. Mashafii wameona kwamba vyakula vilivyotajwa katika hadithi ni mifano ya chakula kikuu cha mji, kwa hiyo kila mji hutoa chakula kinachowalisha watu wake: mchele hapa, mahindi kule, mtama kwingine. Lakini wamesimama hapo, kwa kuwa zakatul-fitri ni ibada iliyowekewa aina na kipimo, na ibada haibadilishwi kwa maoni. Mahanafi wamesonga hatua moja zaidi. Wametazama lengo, ambalo ni kumtosheleza maskini siku ya Idi, wakasema thamani yake nayo hulifikia lengo hilo. Anayeijua njia hii ya kufikiri hawezi tena kumwita jirani yake mzushi kwa sababu ya bahasha ya fedha.

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufundishwa hukumu tangu utotoni, lakini njia ya kuzifikia hawafundishwi. Hilo ni pengo kubwa, na gharama yake inaonekana.

Aliyeiandikia elimu hii kitabu cha mwanzo kilichotufikia ni Muhammad bin Idris Al-Shafii. Alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria, sawa na 767 Miladia, mwaka uleule aliofariki Imamu Abu Hanifa. Alilelewa Makka, akasoma Madina kwa Imamu Malik, kisha Baghdad akapata elimu ya Wairaki kutoka kwa Muhammad bin Hasan Al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Kwa hiyo alizijua kambi mbili za zama zake kutoka ndani. Watu wa Hijazi walisifika kwa kushika hadithi na mwenendo wa watu wa Madina. Watu wa Iraki walisifika kwa kutumia rai na kiyasi, yaani kulipa jambo lisilotajwa hukumu ya lililotajwa linalofanana nalo. Kila kambi iliishuku nyingine, na waliobishana hawakuwa na mizani ya pamoja.

Inasimuliwa kwamba mwanachuoni wa Basra, Abdul-Rahman bin Mahdi, alimwandikia Shafii angali kijana, akimwomba amwekee kitabu kitakachoeleza jinsi Qur'ani inavyofahamika, habari zipi zinakubalika, nafasi ya ijmaa, yaani maafikiano ya wanazuoni, na kipi kimefutwa na kipi kimefuta. Jibu lake ndilo lililokuja kuitwa Al-Risala. Shafii alikiandika upya alipohamia Misri, na nakala iliyotufikia imepokewa kwa mwanafunzi wake Al-Rabi bin Sulayman Al-Muradi. Humo alipanga dalili kwa daraja: Qur'ani kwanza, kisha Sunna, kisha yale waliyoafikiana wanazuoni, kisha kiyasi. Akakataa kwa nguvu mtu kutoa hukumu kwa sababu tu imempendeza. Alifariki Misri mwaka 204 Hijria, yaani 820, na juu ya kuba la kaburi lake jijini Cairo hadi leo kumewekwa chombo mfano wa mashua.

Madhehebu yake yalifika mapema huku kwetu. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuta watu wake ni Mashafii. Karne nyingi baadaye, Zanzibar ilipokuwa chini ya masultani wa Kiomani walio Maibadhi, kulikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisuni. Maibadhi nao wana usuli wao ulioandikwa kwa kina. Mwanachuoni wa Oman Nuruddin Al-Salimi, aliyefariki mwaka 1914, ameacha kitabu mashuhuri katika fani hii kiitwacho Talat al-Shams.

Kati ya milango yote ya usuli, wanafunzi wengi husisimkia kiyasi, na mfano unaowaamsha zaidi ni ule wa riba. Ubada bin Samit (R.A.) amepokea kwamba Mtume alitaja vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Kimoja kikiuzwa kwa jinsi yake, ni sharti viwe sawasawa na vikabidhiwe palepale. Jinsi zikitofautiana, watu wauziane wapendavyo, ila makabidhiano yawe ya papo hapo.

Ni vitu sita tu. Wapo Madhahiri, wanaoshika dhahiri ya maneno, waliosema hukumu inakomea hapo na hakuna kingine kinachoingia. Wengi wa wanazuoni wakauliza: kwa nini hivi? Kitu kinachoifanya hukumu iwepo huitwa illa, na kuitafuta illa ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika kiyasi. Shafii akasema illa katika vile vinne vya mwisho ni kuwa chakula. Malik akasema ni chakula kikuu kinachowekeka akiba. Abu Hanifa akasema illa ni kuwa kitu kinapimwa, kwa kibaba au kwa mizani, na kuwa jinsi moja.

Tofauti hiyo haibaki kitabuni. Mchele unaingia katika hukumu ya riba kwa wote watatu, kwa kuwa ni chakula, unawekwa na unapimwa. Ukienda sokoni na gunia la mchele wa zamani ukataka kubadilishana na gunia moja na nusu la mchele mwingine, jibu ni hapana kwa madhehebu yote hayo. Lakini embe? Kwa Shafii embe ni chakula, basi embe kwa embe huingia katika hukumu. Kwa Malik haiingii katika katazo la kuzidishana, kwa kuwa si chakula kikuu wala hakiwekwi. Na chokaa ya kujengea? Kwa Shafii na Malik haina riba kwa sababu hailiwi. Kwa Abu Hanifa inayo, kwa sababu hupimwa kwa kipimo. Hadithi ni moja, illa ni tatu, na hukumu zinatawanyika sokoni kote.

Halafu ikaja noti ya karatasi. Dhahabu na fedha, kwa Mashafii, zimeingia kwa kuwa ni thamani ambazo kwazo vitu vingine hupimwa. Ila wanazuoni wa kale wa madhehebu hiyo waliona sifa hiyo ni ya madini hayo mawili peke yake, wakakataa kuingiza hata sarafu za shaba. Lau msimamo huo ungechukuliwa ulivyo, shilingi, dola na riyali zote zingekuwa nje ya hukumu ya riba, na zaka ya fedha ingeyumba. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao Jeddah, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliamua kwamba noti ni sarafu kamili inayojitegemea, ina sifa ya thamani, na hukumu za dhahabu na fedha zinaishika katika riba, zaka na malipo ya awali. Ndiyo maana leo sheikh humwambia mfanyabiashara wa Mombasa anayebadilisha dola kwa shilingi kwamba makabidhiano yawe papo hapo, wala asiahidiwe kulipwa kesho. Huu ni usuli ukifanya kazi mbele ya dirisha la kubadilishia fedha.

Mlango wa amri na katazo nao una utamu wake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu deni, na ndani yake Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini wanapokopeshana kwa muda maalumu waandike. Asili ya amri ni wajibu. Je, mtu aliyemkopesha shemeji yake bila karatasi amepata dhambi? Wapo waliosema kuandika ni wajibu, miongoni mwao mfasiri mkubwa Ibn Jarir Al-Tabari. Wengi wamesema ni jambo lililopendekezwa, na hoja yao iko jirani tu: aya inayofuata inaruhusu watu kuaminiana, na aliyeaminiwa atekeleze amana. Hiyo ndiyo karina, kiashirio kinachoitoa amri kwenye wajibu. Vilevile Qur'ani inapowaambia mahujaji wakishatoka katika ihramu wawinde, hakuna aliyesema kuwinda ni faradhi. Amri iliyokuja baada ya katazo imefungua tu mlango uliokuwa umefungwa. Mwanafunzi aliyefundishwa hili hasomi tena aya moja na kukimbia nayo.

Na mwezi! Kila mwaka Ramadhani inapoingia, familia moja huweza kugawanyika, nyumba hii imefunga na ile bado inakula. Wengi hudhani ni ubishi wa viongozi. Mzizi wake lakini uko katika kisa kilichomo ndani ya Sahihi ya Muslim. Ummul-Fadhl, mama yake Ibn Abbas, alimtuma Kurayb kwenda Sham kwa mtawala wa huko, Muawiya. Ramadhani ikaandama akiwa huko, na mwezi ukaonekana usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa mwezi, Ibn Abbas (R.A.) akamwuliza, kisha akamweleza kwamba wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi na wataendelea kufunga hadi wakamilishe thelathini au wauone. Kurayb akauliza kama haitoshi kuonekana kwa Muawiya. Ibn Abbas akasema haitoshi, na kwamba hivyo ndivyo Mtume alivyowaamrisha.

Kwa Mashafii kisa hiki kinamaliza maneno: kila eneo na mwandamo wake, kwa kuwa sahaba ameinasibisha amri kwa Mtume mwenyewe. Wengine, na huo ndio msimamo unaojulikana kwa Mahanafi na Mahanbali, wanashika hadithi ya jumla inayowaambia Waislamu wafunge kwa kuuona mwezi, bila kutaja mji. Al-Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, akaligusa jambo lenyewe penye mshipa wake: Ibn Abbas amesema waliamrishwa hivyo, lakini ni matamshi gani aliyoyasikia? Je, alisikia amri mahususi kuhusu miji kutofautiana, au aliifahamu hivyo kutokana na ile hadithi ya jumla? Ikiwa ya kwanza, ni dalili. Ikiwa ya pili, ni ijtihadi ya sahaba, na ijtihadi hujadiliwa.

Hapo ndipo mzozo wa mwezi ulipo, katika swali la usuli kuhusu maneno ya sahaba na uhusiano wa dalili ya jumla na dalili mahususi. Ni swali zito, la watu wazito, na halikustahili kuwa sababu ya ndugu kunyimana salamu.

Sambamba na usuli iko elimu nyingine, kanuni za kifiqhi, ambayo Waarabu huiita al-qawaid al-fiqhiyya. Watu huzichanganya. Usuli hutangulia: ni vyombo vya kuzitoa hukumu kwenye dalili. Kanuni huja baadaye, wanazuoni walipozikusanya maelfu ya hukumu na kukuta kwamba nyingi zinashonwa na uzi mmoja.

Jalaluddin Al-Suyuti, aliyefariki Cairo mwaka 1505, ameisimulia habari ya Abu Tahir Al-Dabbas, imamu wa Kihanafi aliyeishi ng'ambo ya mto Oksus katika karne ya 10. Alikuwa kipofu, na alikuwa ameyarudisha madhehebu yote ya Abu Hanifa kwenye kanuni 17. Kila usiku, watu wakishatoka msikitini, alifunga mlango akazidurusu peke yake. Mwanachuoni mmoja wa Herat alisafiri kwenda kumsikiliza, akajiviringisha ndani ya jamvi. Mzee akaanza kuhesabu, moja, mbili, hadi saba. Aliyejificha akakohoa. Abu Tahir akampiga, akamtoa nje, na hakuzirudia tena mahali pale. Yule mgeni akarudi kwao Herat na zile saba. Habari ilipomfikia Kadhi Husayn, Mshafii wa Khurasani aliyefariki mwaka 1069, naye akayarudisha madhehebu ya Shafii kwenye kanuni nne. Baadaye ikaongezwa ya tano, na hizo tano ndizo husomwa hadi leo: mambo hutazamwa kwa makusudio yake, yakini haiondolewi na shaka, uzito huleta wepesi, madhara huondolewa, na ada huwa hakimu.

Ya yakini na shaka ndiyo inayomgusa kila mtu kila siku. Mwenye kuswali akishuku kama ameswali rakaa tatu au nne, hujenga juu ya tatu, kwa kuwa hizo ana yakini nazo, kisha husujudu sijida ya kusahau. Katika Ramadhani kanuni hiyohiyo hutoa majibu mawili yanayoonekana kupingana. Mtu anakula daku, ana shaka kama alfajiri imeingia. Chakula chake hakimharibii saumu maadamu haijabainika, kwa sababu asili ni usiku kuendelea kuwepo. Jioni wingu limetanda, ana shaka kama jua limekuchwa; hapo hana ruhusa ya kufuturu kwa shaka, kwa sababu asili ni mchana kuendelea. Anayezikariri fatwa mbili huziona ni vitu viwili. Anayeijua kanuni huliona jambo moja.

Lakini kanuni hii hufika pia mahali pa machozi. Mwambao huu una wavuvi na mabaharia wanaoondoka na kutorudi. Meli ya MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 kati ya Unguja na Pemba, wapo abiria wengi ambao miili yao haikupatikana. Mke wa mtu aliyepotea ni mjane au bado ni mke? Mali yake irithiwe au isubiri? Kwa kauli mpya ya Shafii, uhai wa mtu huyo ulikuwa yakini, na yakini haiondolewi na shaka, basi mkewe hubaki mke hadi ithibiti kwamba amefariki. Imamu Malik, akifuata hukumu ya Khalifa Umar (R.A.), alimwekea mke muda wa miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, kisha awe huru kuolewa. Hata Shafii mwenyewe katika kauli yake ya kale alikuwa na msimamo huo. Hapa kanuni ya yakini inakabiliana na kanuni ya kuondoa madhara, maana mwanamke aliyefungwa kwa mume asiyejulikana alipo anadhurika, na watoto wake wanadhurika. Kuzipima kanuni mbili zinapokutana juu ya mtu mmoja ni kazi ya kadhi aliyesoma, na ndiyo sababu ya kutaka makadhi waliosoma kweli.

Kanuni ya ada nayo ni pana. Mwanamke aliyeolewa bila mahari kutajwa hupewa mahari ya mfano, nayo hujulikana kwa kutazama wanawake wa ukoo wa baba yake wamezoea kuolewa kwa kiasi gani. Sheria imeweka haki. Kiwango kimeachiwa desturi. Vivyo hivyo mtu anayekwenda kwa fundi seremala kuagiza kitanda au mlango wa kuchonga. Kitanda hakijakuwepo, na kuuza kisichokuwepo asili yake haifai. Mahanafi wameruhusu agizo hili, kwa kuwa watu tangu zamani wameliendesha bila mwanachuoni kulikataza. Shafii hakuikubali njia hiyo ya hoja. Kwake huwa ni salamu, yaani mauzo ya kitu kitakachokabidhiwa baadaye, na salamu hutaka fedha yote ilipwe pale walipokaa wakikubaliana. Mswahili wa leo, anayejihesabu Mshafii, hutoa arubuni na kumalizia siku ya kuchukua kitanda. Huenda hajui kwamba katika hilo anafuata njia ya Mahanafi, na hakuna ubaya, lakini ingempendeza kujua.

Dola ya Uthmaniya ilipoandika sheria yake ya madai, Majalla, kati ya 1869 na 1876, chini ya uongozi wa Ahmed Cevdet Pasha, iliweka kanuni 99 mwanzoni mwa vifungu 1,851. Mahakimu walipewa mlango wa kuingilia. Waandishi wake hawakukusudia kanuni hizo peke yake zitosheleze hukumu, na onyo hilo linahitajika leo kuliko jana. Kanuni ina watu wake na mipaka yake. Mtu anachukua mkopo wa riba anunue makochi, kisha anasema ni dharura. Dharura ni ya anayehofia nafsi yake au kiungo chake, na hata yeye hupimiwa kwa kiasi cha dharura yenyewe, hapewi zaidi. Kanuni mikononi mwa asiyejua matawi ya fiqhi huwa ni ruhusa ya kila jambo alilokwisha kulitamani.

Basi elimu hii husomwaje? Njia ya wazee wa mwambao ni ya kukaa mbele ya sheikh na kitabu, mstari kwa mstari. Mtoto hutoka chuoni na msahafu, huingia Safinatun-Naja, kisha Matni ya Abu Shujaa na sharhe zake, na wachache hufika Minhaji ya Imamu Nawawi. Kitabu cha kwanza cha usuli kwa Mashafii ni Al-Waraqat, kijitabu cha kurasa chache tu kilichoandikwa na Imamul-Haramayn Al-Juwayni, aliyefariki mwaka 1085, mwalimu wa Ghazali. Husomwa pamoja na sharhe ya Jalaluddin Al-Mahalli, yuleyule ambaye jina lake limo katika Tafsiri ya Jalalayn. Anayetaka kuendelea hupanda hadi Jamul-Jawami ya Tajuddin Al-Subki.

Mwambao huu haukuwa wa kupokea tu. Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Zanzibar mwaka 1925 akiwa kadhi, aliandika Al-Ibtihaj, kitabu kinachofafanua istilahi za Minhaji: Nawawi akisema hili ndilo lililo wazi zaidi, anamaanisha kauli ya Shafii mwenyewe, na akisema hili ndilo sahihi zaidi, anamaanisha rai za wafuasi wake. Hadi sasa kitabu cha kadhi huyo wa Zanzibar huchapishwa pamoja na Minhaji na kusomwa na wanafunzi wa nchi za Kiarabu. Rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir aliendesha madrasa yake palepale Unguja. Lamu kulikuwa na Habib Saleh na Msikiti wa Riyadha. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza miaka ya 1930 kuandika mambo ya dini kwa Kiswahili ili mtu wa kawaida asome. Sheikh Abdallah Saleh Farsy akaikamilisha tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili, ikachapishwa nzima mwaka 1969.

Milango hiyo ilifunguliwa, na usuli ukabaki nje. Vitabu vya Kiswahili kuhusu swala, hija, ndoa na mirathi vimejaa madukani. Vya usuli ni vichache mno, na darsa zake nyingi hubaki kwa wanaojua Kiarabu au waliobahatika kwenda Madina, Misri au Hadhramaut. Matokeo yake ni kijana mwenye simu iliyosheheni hadithi zilizofasiriwa, asiyejua kwamba Mtume alikataza kuzuru makaburi kisha akaruhusu, na kwamba dalili ya kwanza imefutwa na ya pili. Ana hadithi mkononi, lakini hana chombo cha kuisomea.

Wanawake nao wana haki yao hapa, na wana mfano wa kale kabisa. Bibi Aisha (R.A.) aliposikia Ibn Umar akipokea kwamba maiti huadhibiwa kwa kilio cha jamaa zake, alisema msikiaji hakulifahamu jambo lilivyokuwa, na akalipima kwa aya inayosema hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. Kupima riwaya kwa Qur'ani ni usuli kabla ya usuli kuandikwa. Al-Zarkashi baadaye aliyakusanya masahihisho yake kwa masahaba katika kitabu kizima. Darsa za kina mama katika miji yetu zimeenea na zina wanafunzi hodari. Hakuna sababu ya darsa hizo kuishia kwenye twahara na eda.

Masheikh wenye elimu hii wafungue darsa za Al-Waraqat kwa Kiswahili, za jioni, kwa vijana wa sekondari na wafanyakazi, na kamati za madrasa ziiingize katika mtaala wa miaka ya mwisho. Wanaoweza kuandika waandike, kwa mifano ya mchele, embe, noti na mashua. Na msomaji anayetaka kuanza, amtafute mwalimu aliyeisoma kwa mwalimu, amalize kwanza kitabu kimoja cha fiqhi ya madhehebu yake, kisha aanze na mlango wa amri.